Mlango Uliokula Mtama

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapikiana na kuazimana chumvi, palikuwa na bonde ambalo wakazi wake walikuwa na adabu kupita kiasi. Nasema kupita kiasi, na mtaona wenyewe. Ukipita njiani bila kusalimia, habari zako zilifika kwenu kabla yako.

Katika bonde hilo aliishi Kindi na wanawe watatu. Baba wa watoto alikuwa amechukuliwa na kipanga, kwa hiyo Kindi alikuwa ndiye mama, ndiye baba, ndiye mkulima. Mwili wake mdogo, mkia wake mkubwa, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vyote.

Mwaka mmoja fukusi wakaingia majumbani. Kru-kru-kru! Usiku kru-kru, mchana kru-kru! Mtama ukawa vumbi ndani ya vihenge. Wanyama wakashika tama. Ndipo Kiboko akainuka katikati ya bwawa lake, akapiga mwayo mkubwa, akasema:

"Mimi nina ghala la mawe. Fukusi hapenyi, panya hapenyi. Leteni mtama wenu nikuwekeeni. Kuweka ni bure!"

"Bure?"

"Bure kabisa!"

Mimi mtu akiniambia bure mara mbili, naanza kushika mfuko wangu. Lakini wao walipiga vigelegele. Baada ya mavuno ghala likawa wazi kutwa nzima, mlango ukiwa bado haujatiwa bawaba, kila mmoja akaingiza gunia lake na kulifunga kwa kamba yake. Kindi, chini kabisa ya gunia lake, alitia kifuko cha mbegu. Ulikuwa mtama mweupe aliourithi kwa mama yake, ule unaoota hata mvua ikiwa haba. Juu ya kifuko akamwaga mtama wa kula, gunia likajaa pomoni.

Walipokuwa wanaondoka, Kiboko akaongeza neno moja. Alilisema polepole, pua nusu majini, mapovu yakimtoka. Blu-blu-blu.

"Kuweka ni bure. Mlango ukifunguliwa, kibaba kimoja."

"Kibaba kimoja kitu gani!" akasema Nyati, na wote wakacheka wakaenda zao.

Sasa sikilizeni habari za mlango huo, na wewe unayesinzia huko nyuma sikiliza zaidi. Ulikuwa wa mbao za mninga, mzito, umekaa kwenye mteremko. Ukiuachia tu, hujifunga wenyewe: puu! Na kila ukifunguliwa bawaba zake zilipiga kelele: kwiiiriii! Kelele hizo zilifika mpaka bwawani.

Kiboko mwenyewe hakuwahi kwenda ghalani, maana ngozi yake haivumilii jua. Alilala majini, masikio tu nje, anasikiliza. Ndani ya ghala alimweka Babu Kobe. Kazi ya Kobe ilikuwa moja: mlango ukilia, achote kibaba katika gunia la aliyeufungua, akimwage kwenye mfereji wa jiwe. Mfereji uliteremka moja kwa moja hadi bwawani, hadi kinywani mwa Kiboko. Kwiiiriii! Shwaaa! Nyam!

Kobe alichota hukohuko gizani. Hakuna aliyetoa kibaba kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hiyo hakuna aliyesikia uchungu.

Tena wanyama wa bonde lile walikuwa na desturi zao mbili. Ya kwanza, chakula cha leo huchukuliwa leo. Ukilala na nafaka ndani wakati una gunia ghalani, majirani watakuita mlafi. Ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niseme adabu ilipita kiasi, ni kwamba kila asubuhi ulikwenda kuuamkia mtama wako. Ndiyo! Kama unavyomwamkia shangazi.

Kwiiiriii!

"Umeamkaje, mtama wangu?" Kindi husema, akilipapasa gunia.

Mtama kimya.

"Na mimi sijambo. Watoto wanakusalimu. Haya, tutaonana jioni."

Shwaaa!

Na jioni, kwiiiriii! Kindi akachota kibaba kimoja cha uji wa watoto. Shwaaa! Puu!

Hivyo ndivyo walivyoishi, Kindi na Digidigi na Nyati na wengine wote, wakijiona wana heshima zao.

Basi kiangazi kikakolea. Majani yakawa makavu, ardhi ikapasuka, na mvua ilikuwa bado mbali. Kindi akaanza kuwapunguzia wanawe uji, ili mtama ufike mvua. Watoto walilamba vibakuli mpaka vikang'aa, wakamtazama mama yao bila kusema neno. Hakuna kitu kinachouma kama mtoto anayenyamaza kwa sababu ameshajua hakuna cha kuongezewa.

Jioni moja Kindi akaenda ghalani kama kawaida. Kwiiiriii! Akafungua gunia, akatia mkono. Mkono haukugusa kitu. Akatia bega. Hakugusa kitu. Akainama, akatia kichwa, na mara, tumbu! Akatumbukia ndani, mkia tu ukabaki nje, unapunga.

"Wezi!" Sauti ikatoka guniani. "Wezi jamani! Nimeibiwa!"

Digidigi alikuwa akipita karibu. Yeye ni shoga yake Kindi wa siku nyingi, mwoga wa kila kitu, lakini aliposikia sauti ya mwenzake hakukumbuka woga. Akausukuma mlango akaingia mbio. Kwiiiriii!

"Kuna nini, shoga? Nani kafa?"

"Nimeibiwa mtama! Ni Panya! Hakuna mwingine!"

Babu Kobe akaenda taratibu mpaka gunia la Digidigi, akachota kibaba, shwaaa, akarudi taratibu kukaa mahali pake.

"Babu!" Digidigi akashangaa. "Mbona umechota kwangu?"

"Mlango umelia."

"Lakini nimekuja kumsaidia mwenzangu!"

"Mlango haukusema umelia kwa nini."

Kindi akajitoa guniani, vumbi mpaka kwenye kope. "Babu Kobe, shikamoo. Niambie ukweli. Panya ameingia humu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Panya hajaingia."

"Basi nani ameniibia?"

"Hujaibiwa." Kobe akavuta shingo yake nje, akamtazama kwa huruma. "Asubuhi hii hukuja?"

"Nilikuja kuuamkia."

"Kibaba. Na jana hukuondoka, kisha ukarudi?"

"Nilirudi. Nilikuwa nimesahau kuaga."

"Kibaba. Na wanao siku ile walipotaka kuja kuuona?"

Kindi akakumbuka. Watoto walikuwa wanashindana nani atafika kwanza, wakaingia mmojammoja, kila mmoja akiusukuma mlango na kucheka unavyolia. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje anawapigia makofi.

"Usiseme, babu," akasema kwa sauti ndogo. "Usinihesabie."

"Siku unayokula kibaba kimoja," akasema Kobe, "mlango unakula viwili. Hiyo ni siku ambayo hukusahau kuaga."

"Kwa nini hukuniambia, babu?"

"Kila siku ulikuja kuuliza hali ya mtama, mjukuu wangu. Mimi hukuwahi kuniuliza neno."

Kindi akakaa chini, akalia. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aitupe wapi. Angekuwapo mwizi angemkimbiza, angemng'ata. Lakini mwizi hayupo! Alikuwa anawanyima wanawe uji huku anaushibisha mlango kwa mikono yake mwenyewe. Na chini ya gunia alikuwa amekigusa kile kifuko cha mama yake. Siku chache zaidi za namna hii na ingembidi akifungue. Akila mbegu, mvua itakuja na yeye hana cha kupanda.

Digidigi akamwinamia sikioni. "Shoga, mimi nina mafuta ya ufuta nyumbani. Tuje tupake bawaba. Zikinyamaza, Kiboko hatasikia kitu."

Kindi akafuta machozi, akafikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Huo utakuwa wizi kweli, na akitushika atatufukuza magunia yetu yakiwa humu ndani. Tulimsikia aliposema kibaba kimoja, tukacheka tukaenda. Mimi nataka Kiboko apate haki yake yote. Ila asipate punje moja zaidi."

"Utafanyaje?"

"Sijui bado. Babu Kobe, hivi vibaba vilivyobaki, tukila sisi bila mlango kula, vitafika mvua?"

Kobe akachungulia guniani kwa muda mrefu. "Kwa shida," akasema. "Lakini vitafika."

Kindi akachota kibaba chake cha jioni, akaenda kupika uji, na mwiko ukawa unazunguka chunguni peke yake huku akili yake iko mlangoni.

Kesho yake mchana, wanyama wote walipokwenda bwawani kunywa maji, Kindi akaruka juu ya gogo lililo karibu kabisa na pua ya Kiboko.

"Bwana Kiboko, shikamoo!"

"Marahaba, marahaba."

"Nimekuja kwa uchungu. Kuna maneno mabaya yanasemwa juu yako."

Masikio ya Kiboko yakacheza, pi-pi-pi. "Maneno gani?"

"Naogopa kuyasema mbele za watu."

"Sema!"

"Wanasema una upendeleo. Eti mwenye mzigo mkubwa unamtoza zaidi. Eti anayekaa ndani muda mrefu unamchotea kibaba cha pili kwa siri."

"Uongo!" Bwaaa! Kiboko akapiga maji, wanyama wote wakalowa. "Nani kasema? Mimi sitazami mzigo wa mtu! Mimi nasikiliza mlango. Ukilia mara moja, kibaba kimoja!"

"Hata mtu akitoa gunia zima?"

"Atoe gunia, atoe punje, si kazi yangu!"

"Na akikaa ndani mpaka jioni?"

"Akae mpaka ndevu zimwote!" Wanyama wakaangua kicheko, na Kiboko alipoona anachekesha akavimba kwa furaha. "Awe sisimizi, awe tembo, simuulizi. Mlango usipolia, sidai. Siku nikidai punje moja zaidi ya mlio wa mlango, bwawa langu hili likauke!"

Kindi akageukia wenzake. "Mmesikia jamani?"

"Tumesikia!"

"Basi na maneno yale mabaya yaishe leo. Bwana Kiboko ni mtu wa haki."

"Asante, binti yangu," akasema Kiboko, na machozi yakamlengalenga. Masikini! Hakuwahi kusifiwa na mtu ambaye hakuwa na haja.

Sasa ilibaki kazi ya pili. Mlango ule unajifunga wenyewe, na Kindi mwenyewe hata kuusukuma alikuwa anahema. Nyati alikuwa amesimama kandokando ya maji, anajitazama pembe zake. Kindi akamshika Digidigi mkono, wakapita karibu, Kindi akiongea kwa sauti.

"Mlango wa ghala, shoga, hakuna wa kuushika wazi mpaka jua lizame. Hayupo."

"Hata Mjomba Nyati?" Digidigi akauliza, kama walivyopanga.

"Mjomba? Labda zamani, alipokuwa na nguvu zake. Siku hizi tumwache apumzike. Magoti nayo..."

"Magoti ya nani?" Nyati akanguruma. Mfff! "Nani ana magoti?"

"Shikamoo, mjomba! Hatukukuona!"

"Mimi nishindwe na mlango? Mimi?"

"Hatujasema umeshindwa, mjomba. Tumesema usijisumbue."

"Kesho! Kesho asubuhi mje wote mtazame! Nitausimamia mpaka jua lizame, na nikiusikia umelia puu hata mara moja, niiteni mbuzi!"

Kazi ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, na haikuwa ya nguvu wala ya ujanja. Kindi alipita mlango kwa mlango kuwaambia majirani waje kesho na vibuyu, wachukue chakula cha kufikia mvua, wakiweke nyumbani.

"Tuweke nafaka ndani?" Mama Swala akaziba mdomo. "Tuonekane walafi?"

"Mama, mlafi ni yule anayekula mara mbili wewe ukila mara moja. Mimi nimekwisha kumwona. Hana tumbo, ana bawaba."

"Na fukusi?"

"Fukusi wanataka mtama wa kulala miezi mingi. Huu wetu utaliwa kabla hawajapata habari."

"Na kuuamkia?"

Kindi pia aliipenda desturi ile. Asubuhi zile alizokuwa analipapasa gunia lake na kulisemesha, baada ya mumewe kuondoka, zilimpa moyo. Hakutaka kuzicheka.

"Mama," akasema, "tangu umeanza kuuamkia mtama wako, uliwahi kukujibu?"

Mama Swala akafikiri. "Bado," akasema.

"Basi na asubuhi ya kesho njoo uniamkie mimi. Nitakujibu, na sitakula kibaba chako."

Mama Swala akacheka, akaingia ndani kutafuta kibuyu. Wengine walikubali, wengine walimfungia mlango usoni. Lakini waliokubali waliwaambia wenzao, na majirani wa namna ile, neno likishatoka kinywani halihitaji miguu.

Kulipopambazuka, Kindi akaweka bega mlangoni, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Kwiiiriii!

Babu Kobe akachota kibaba katika gunia la Kindi. Shwaaa! Kule chini, nyam! Kiboko akafungua kinywa tena, tayari kwa cha pili.

Nyati akaingiza mgongo, akauegemea mlango, akapanua miguu. "Nimeushika! Mnaona magoti haya?"

"Tunayaona, mjomba! Mazuri!"

Wakaingia. Digidigi na kibuyu chake, Mama Swala na vibuyu viwili, Nungunungu na kikapu. Ngiri na wanawe, Sungura na wakwe zake. Wengine wakitoka, wengine wakiingia, na mlango umetulia tuli. Hata wale waliomfungia Kindi mlango jana walikuja wakijipenyeza katikati ya mstari, wamejifunika vikapu usoni.

Bwawani Kiboko aliendelea kukaa kinywa wazi. Akangoja. Nzi akaingia, akazunguka, akatoka. Jua likapanda.

"Kobe!" akaita. "Leo wamekufa wote?"

"Wazima, bwana!" sauti ya Kobe ikateremka kwenye mfereji.

"Mbona mlango haulii?"

"Ulilia, bwana."

"Lini?"

"Asubuhi."

Kiboko akafunga kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu ghala lijengwe, akatoka majini. Pwata! Pwata! Pwata! Maji yakamchuruzika, jua likamwangukia mgongoni, akapanda mteremko akihema. Alipofika juu, macho yakamtoka. Mstari wa wanyama ulikuwa umetoka ghalani mpaka njia panda, kila mmoja na mzigo wake, wanapiga soga.

"Nyati! Uachie mlango huo!"

"Siuachii," akasema Nyati.

"Nimesema uachie!"

"Na mimi nimesema mpaka jua lizame. Unataka niitwe mbuzi?"

Kiboko akamtazama Nyati, akaona pembe, akaona afadhali azungumze na mwingine. "Kobe! Mlango umelia mara ngapi?"

"Mara moja, bwana. Na kibaba chake nimekuletea."

"Kila mmoja alipe chake! Wote hawa! Sasa hivi!"

Wanyama wakakoma kutembea. Mama Swala akakishika kibuyu chake kifuani. Kindi akatoka kwenye mstari, akasimama mbele ya Kiboko. Alikuwa mdogo kuliko kidole chake cha mguu, na moyo ulikuwa unamdunda du-du-du, nami nisiwadanganye, aliogopa. Lakini aliwaona wanawe wamebeba kibuyu kimoja wote watatu, akapiga moyo konde.

"Bwana Kiboko, jana ulisema mbele ya wote. Mlango usipolia, hudai."

"Nilisema..."

"Akae mpaka ndevu zimwote."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamaza haraka.

"Ukidai punje moja zaidi, bwawa lako likauke. Sisi wote tunakunywa bwawa hilo, bwana. Usitufanyie hivyo."

Kiboko akageuka kulitazama bwawa lake. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kulipunguza, ukingo wa matope umeonekana. Akameza mate.

"Basi nabadili sheria," akasema. "Si mlango tena. Kila kichwa kitakachoingia, kibaba!"

"Ni haki yako," akasema Kindi. "Ghala ni lako, mlango ni wako. Inaanza lini?"

Sasa Kiboko naye alikuwa mtu wa bonde lile, na bonde lile sheria mpya haianzi ila mwezi unapoandama. Hata hasira haikumsahaulisha adabu.

"Mwezi ukiandama," akasema, na palepale akajua alichosema.

"Tumesikia, bwana. Sheria yako tutaifuata. Ila miguu ni yetu. Tukiwa na haja tutakuja, tusipokuwa nayo tutakaa."

Mstari ukaanza kutembea tena. Kiboko akabaki amesimama juani, ngozi inamwasha, hajui arudi au akae. Akamwona Kindi anatoka na kibuyu cha mwisho, lakini gunia lake limebaki pale pale ndani, na chini yake kumevimba kidogo.

"Na hicho?" akauliza. "Umekisahau?"

"Sijakisahau. Ni mbegu ya mama yangu."

"Unaniachia mimi? Baada ya haya yote?"

"Nyumbani fukusi wataila, na watoto wangu wakiwa na njaa nitaila mimi," akasema Kindi. "Ghala lako ni zuri, bwana, sijapata kuona jingine. Shida haikuwa ghala. Shida ilikuwa mimi kuja kila siku bila haja."

Kiboko akateremka bwawani polepole, pwata, pwata.

Mwezi ukaandama. Kiboko akalala majini, kinywa tayari chini ya mfereji. Asubuhi ikapita, jioni ikapita. Akaja mmoja, siku nyingine wawili, wenye haja zao za kweli, lakini vibaba vyao havikumshibisha. Ikabidi jua likizama ajikokote kwenda kula majani kama mnyama mwingine. Na hadi leo ndiyo kawaida yake.

Nyumbani kwa Kindi uji haukuwa mwingi, lakini ulikuwapo kila siku. Kibuyu cha mwisho kilikuwa kinaelekea chini mawingu yalipojaa upande wa kusi. Matone makubwa yakapiga ardhi, tap, tap, tap, kisha mbingu ikafunguka yote. Watoto wakatoka nje uchi kucheza matopeni. Kindi akachukua kibaba, akakijaza mtama kutoka kibuyuni, akautazama, akakibeba kwa mikono miwili kwenye mvua mpaka ghalani.

"Ngojeni nje," akawaambia wanawe.

Kwiiiriii!

Babu Kobe akasimama, akaanza kuelekea kwenye gunia la Kindi, kama alivyozoea.

"Usijisumbue, babu. Leo nimekuja nacho mwenyewe."

Akammiminia Kobe kile kibaba punje kwa punje, mpaka ya mwisho, macho yake yakiwa palepale kwenye kibaba. Kilikuwa mlo mzima wa wanawe, na alijua hivyo. Shwaaa! Kisha akakifungua kifuko cha mama yake, akaona mbegu zote zimelala nyeupe, hazijaguswa, akakikumbatia akatoka kwenda kupanda.

Basi watoto, kibaba cha haja kitoeni mkikiona, na kibaba cha mazoea kibaki katika gunia lenu.